Kifaa cha joto cha darubini: Wengi hulipia wasichokiona

WAWINDAJI wa Ujerumani, ambao kwa miaka mingi walitegemea mbalamwezi kuwinda nguruwe mwitu, wamekuwa wateja wakubwa wa kifaa kimoja kidogo chenye uzito wa nusu kilo hivi, ambacho bei yake mara nyingi huipita bei ya bunduki yenyewe. Ni kifaa cha kuona joto kinachopachikwa mbele ya darubini ya kawaida ya bunduki. Kwa kifupi hapa kinaitwa kipachiko.

Bidhaa hii imejaa katika maduka ya zana za uwindaji, na makampuni ni mengi. Zipo Pulsar ya Lithuania, HIKMICRO na InfiRay za China, Zeiss na Leica za Ujerumani na Swarovski ya Austria. Vipachiko vyenye sensa ndogo ya pikseli 384 kwa 288 kwa kawaida huuzwa kati ya Euro 1,500 na 3,000, na vile vya pikseli 640 kwa 512 huanzia Euro 2,500 na kupita 5,000. Kwa mnunuzi wa kawaida tofauti hiyo ni kubwa. Tatizo ni kwamba wengi huilipa bila kujua kama darubini waliyo nayo nyumbani itawaonyesha kile walicholipia.

Sheria ndiyo iliyoleta soko

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwindaji asinunue tu darubini kamili ya joto, iliyo na alama yake ya shabaha ndani, akaachana na habari ya kupachika. Huko Texas, Marekani, ambako nguruwe waliotoroka mazizini huharibu mashamba, ndivyo wengi wafanyavyo. Ujerumani mambo yalikuwa tofauti. Mabadiliko ya sheria ya silaha yaliyoanza kutumika Februari 2020 yaliwaruhusu wenye leseni ya uwindaji kumiliki vifaa vya kuonea usiku vinavyopachikwa mbele au nyuma ya darubini ya mchana, lakini yakaiacha darubini kamili ya joto katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Kwa hiyo soko hili la vipachiko ni mtoto wa sheria kuliko wa ufundi. Hilo linafaa kukumbukwa, kwani muuzaji hatalisema: mahali ambapo darubini kamili inaruhusiwa, mara nyingi yenyewe ndiyo nyepesi zaidi na ndiyo isiyo na matatizo ya ulinganifu yanayoelezwa hapa chini.

Aidha, ruhusa ya kumiliki si ruhusa ya kuwindia. Sheria ya uwindaji ni jambo jingine, na kila jimbo la Ujerumani lina kanuni zake kuhusu mnyama gani anaweza kupigwa usiku kwa msaada wa vifaa hivi. Kwa kawaida ruhusa inamhusu nguruwe mwitu.

Nguruwe mwitu ametengwa hivyo kwa sababu ya biashara. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, iliingia Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, mwaka 2007. Aina ya virusi iliyokutwa huko ilifanana na ile iliyokuwa ikijulikana Msumbiji, Madagaska na Zambia. Kutoka Georgia ilisambaa kuelekea magharibi, na nguruwe mwitu wakiwa miongoni mwa waliousambaza ugonjwa. Tarehe 10 Septemba 2020 Ujerumani ilithibitisha mzoga wa kwanza wa nguruwe mwitu mwenye ugonjwa huo katika jimbo la Brandenburg. Siku chache baadaye China ikafunga mlango kwa nyama ya nguruwe ya Ujerumani. Ugonjwa huo haumdhuru binadamu, lakini hauna tiba na huua karibu kila nguruwe wa kufugwa anayeupata. Kupunguza nguruwe mwitu kukawa jambo la kulinda mauzo ya nje, na nguruwe mwitu hutembea usiku.

Ndani ya kifaa

Kipachiko hakihitaji mwanga wowote, hata wa nyota. Kila kitu hutoa mionzi ya joto, na mnyama mwenye damu moto hutoa zaidi kuliko majani yaliyomzunguka. Lenzi ya mbele hukusanya mionzi hiyo na kuitupa juu ya sensa. Sensa huigeuza kuwa picha, na picha huonyeshwa kwenye kioo kidogo cha televisheni kilichomo ndani. Nyuma ya kioo hicho ipo lenzi nyingine inayoituma picha kwenye darubini kana kwamba inatoka mbali. Mwindaji anaangalia katika darubini yake ile ile, kwa alama ya shabaha ile ile aliyoirekebisha mchana.

Huo ndio uzuri wa kipachiko. Mchana bunduki inabaki kama ilivyo, na jua likizama kifaa kinabanwa mbele kwa dakika moja. Lakini hapo hapo ndipo ubovu unapoanzia. Picha ya joto tayari imeshatengenezwa na idadi yake ya pikseli imekwisha kuamuliwa kabla haijafika kwenye darubini. Darubini ikiikuza haiongezi habari yoyote mpya. Inazikuza pikseli zile zile tu, kama mtu anayesogeza lenzi karibu na picha ya gazeti na kuona vidoto.

Hesabu ya mnunuzi

Tuchukue sensa za siku hizi, ambazo kila pikseli ina upana wa mikroni 12. Sensa ya pikseli 384 ina upana wa milimita 4.6. Ikiwekewa lenzi ya milimita 35, inaona eneo lenye upana wa mita 13 hivi kwa umbali wa mita 100. Kila pikseli inabeba sentimita 3.4 za eneo hilo. Sensa ya pikseli 640 yenye lenzi ile ile ya milimita 35 inaona upana wa mita 22. Na kila pikseli inabeba kiasi gani? Sentimita 3.4 zile zile.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Sensa kubwa peke yake haimwonyeshi mnunuzi mnyama kwa uwazi zaidi. Inamwonyesha upana zaidi. Kinacholeta uwazi ni ukubwa wa pikseli pamoja na urefu wa lenzi. Sensa ya 640 ikiwekewa lenzi ya milimita 50, upana unaoonekana unakuwa mita 15 na kila pikseli inabeba sentimita 2.4. Hapo uwazi umeongezeka kweli.

Sasa turudi kwenye darubini. Darubini inayopendwa na wawindaji wa Ujerumani ya kukuza mara 3 hadi 12, ikiwekwa kwenye mara 3, yenyewe inaona upana wa kama mita 12 au 13 tu kwa mita 100. Mwenye darubini hiyo akinunua kipachiko cha 640 chenye lenzi ya milimita 35, karibu nusu ya upana wa picha inabaki nje ya duara la darubini na hataiona kamwe. Amelipia pikseli 640, anatumia kama 370. Jirani yake aliyenunua kifaa cha 384 chenye lenzi hiyo hiyo anaona karibu kile kile, na mfukoni mwake zimebaki Euro elfu moja au zaidi. Mwenye darubini inayoanzia mara 1.5 au 1.7, ile ya kuwindia wanyama wanaokimbia, ndiye anayefaidi upana wa sensa kubwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa darubini ya zamani ya mara 8 isiyobadilika, yenye lenzi ya milimita 56, ambayo katika nyumba nyingi za wawindaji imerithiwa kutoka kwa baba au babu. Hiyo huona upana wa mita 5 hivi. Juu ya kipachiko cha 384 na lenzi ya 35, mwindaji anabaki na pikseli zipatazo 145 zilizotandazwa kwenye duara lote la jicho. Anaona miraba. Darubini hiyo ni nzuri sana kwa mbalamwezi, lakini kwa kipachiko haifai, na ni afadhali mwenyewe aambiwe mapema dukani kuliko agundue porini.

Kwa jumla, kifaa cha 384 kinafaa darubini isipite kukuza mara 3 au 4, na cha 640 chenye lenzi ndefu mara 5 au 6. Tangazo linaloahidi mara 10 lichukuliwe kama tangazo.

Umbali wa kwenye sanduku

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote juu ya sanduku ni umbali wa kugundua: mita 1,200, mita 1,800, wakati mwingine mita 2,500. Namba hiyo si ya uongo, ila haijibu swali la mwindaji.

Mwaka 1958 mtaalamu wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima ni mistari mingapi ya picha inayohitajika ili mtazamaji atambue kitu. Kwa kuigeuza kwa lugha ya pikseli, kugundua kwamba kuna kitu kunahitaji pikseli 2 juu ya upande mfupi wa kitu hicho. Kujua kwamba ni mnyama wa aina fulani kunahitaji 8. Kumtambua hasa kunahitaji karibu 13. Na vipimo hivyo ni vya uwezekano wa nusu kwa nusu, yaani hata kwa pikseli 13 mtazamaji anakosea mara nyingi.

Nguruwe mwitu mwenye kimo cha sentimita 70, kwa kifaa cha 384 na lenzi ya milimita 35, atagunduliwa kama kidoto cha joto kutoka umbali wa kilomita moja. Kwa kumtambua, umbali huo unashuka hadi mita 160. Kwa lenzi ya milimita 50 ni mita 228 hivi. Hizo ni hesabu za usiku mkavu na hewa safi. Ukungu na mvua hunyonya mionzi ya joto, na baada ya mvua ya siku nzima miti, mawe na ardhi hulingana joto hadi picha inakuwa ya kijivu tupu. Ndiyo maana mnunuzi wa nchi yenye mvua anapaswa kuuliza pia juu ya wepesi wa sensa kuhisi tofauti ndogo za joto, ambao hupimwa kwa sehemu za elfu za nyuzi. Namba ikiwa ndogo, kifaa ni kizuri zaidi. Chini ya 25 ni nzuri.

Tofauti ya kugundua na kutambua si ya kitabuni. Chini ya sheria ya Ujerumani, kumpiga nguruwe jike ambaye bado analea watoto wanaomtegemea ni kosa la jinai. Kwenye picha ya joto, katika nyasi ndefu, vitoto havionekani, na jike aliyetangulia peke yake huonekana kama nguruwe mwingine yeyote. Zaidi ya hapo, kidoto cheupe kinaweza kuwa mbwa, ndama, au mtu aliyechutama. Kifaa hakionyeshi rangi, wala waya wa uzio, wala tawi jembamba lililo kati ya mdomo wa bunduki na mnyama, ambalo lina joto lile lile la hewa lakini linaweza kuipotosha risasi.

Kwa sababu hiyo bajeti inafaa kugawanywa. Kifaa kidogo cha joto cha kushika mkononi kinanunuliwa kwanza, na kipachiko baadaye. Kutafuta wanyama kwa kuzungusha bunduki yenye risasi gizani ni tabia ambayo hakuna bei inayoihalalisha.

Kufunga na kurekebisha

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni adapta, pete ya chuma inayokibana kipachiko kwenye mdomo wa darubini. Thamani yake ni Euro mia moja au mia mbili, na wanunuzi wengi huona hapo ndipo pa kubana matumizi. Adapta ikilegea, picha inacheza, na picha ikicheza risasi inakwenda kwingine. Kipimo kinachotakiwa ni kipenyo cha nje cha mdomo wa darubini, wala si namba ya lenzi iliyoandikwa ubavuni. Darubini ya lenzi ya milimita 56 inaweza kuwa na kipenyo cha nje cha milimita 62, na makampuni hutofautiana. Kipimo kichukuliwe kwa kalipa.

Ukingo wa darubini usiwe na rangi inayobanduka wala mafuta. Kifaa kikishafungwa, kisimame wima. Kikiinama pembeni, picha nayo inainama. Bunduki nayo inakuwa nzito mbele, na nusu kilo iliyoning'inia kwenye mdomo wa darubini inaibana mirija na vishikizo vyake kila bunduki inaporudi nyuma kwa mlio. Vishikizo dhaifu vinapaswa kubadilishwa kabla.

Utaratibu wa kurekebisha una mpangilio wake. Kwanza darubini peke yake irekebishwe mchana hadi risasi ziangukie zinapotakiwa kwa mita 100. Kisha mwindaji arekebishe kioo cha jicho mpaka alama ya shabaha iwe kali, bila kujali picha. Baadaye ndipo kipachiko kifungwe, na ukali wa picha utafutwe kwa pete ya kipachiko chenyewe, siyo ya darubini. Wengi hugeuza hili na kulaumu kifaa.

Kinadharia kipachiko hakibadilishi shabaha. Kwa vitendo, kila kimoja kina kosa lake dogo, na watengenezaji wameweka ndani ya menyu njia ya kuisogeza picha kulia, kushoto, juu na chini. Hivyo lazima kipigiwe risasi uwanjani. Shabaha ya karatasi haionekani kwa joto. Kifuko kidogo cha kupashia mikono kikibandikwa katikati ya ubao kinatosha. Zipigwe risasi tatu, kifaa kifunguliwe na kufungwa tena, zipigwe nyingine tatu, na kadhalika mara ya tatu. Mafungu yote matatu yakiangukia mahali pamoja, adapta ni nzuri. Yakitawanyika, hakuna menyu itakayosaidia. Mwenye bunduki mbili afanye zoezi hili kwa kila moja na aandike namba zake.

Mambo mengine ni madogo lakini huharibu usiku mzima. Kila baada ya muda sensa hujisafisha kwa kufunga pazia dogo ndani, na picha husimama kwa sekunde moja. Mtumiaji aiamuru ifanye hivyo kabla ya kulenga, isije ikasimama wakati kidole kiko kwenye kifyatulio. Betri hupungua nguvu haraka kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mwanga wa kioo upunguzwe, la sivyo jicho linabaki kipofu kwa dakika kadhaa. Na anayekaa ndani ya gari asijaribu kuangalia kupitia dirisha, maana kioo cha kawaida huzuia mionzi ya joto kabisa.

Bei inakoelekea

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya lenzi za vifaa hivi zisitengenezwe kwa kioo cha kawaida, bali kwa madini ya jerimaniamu, ambayo kwa jicho ni meusi kama chuma lakini kwa joto ni angavu. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Agosti 2023 nchi hiyo ilianza kudai leseni kwa kila shehena ya jerimaniamu inayotoka, na Desemba 2024 ikazuia kabisa mauzo kwa Marekani, hatua ambayo ilisimamishwa kwa muda Novemba 2025. Katikati ya 2023 na mwisho wa 2024 bei katika soko la Ulaya ilipanda takriban maradufu. Lenzi ya milimita 50 hula madini mengi zaidi kuliko ya 35, kwa hiyo vifaa vyenye uwazi wa kweli ndivyo vinavyoguswa zaidi. Kwa upande mwingine sensa zimekuwa zikishuka bei kadiri pikseli zilivyopungua kutoka mikroni 17 hadi 12, na nguvu hizo mbili zinavutana.

Anayenunua kilichotumika aangalie hasa namba hiyo ya mikroni. Kifaa cha 17 si kibovu, lakini kwa lenzi ile ile ya milimita 35 kila pikseli inabeba karibu sentimita 5 kwa mita 100, na bei iliyopunguzwa kidogo tu haitoshi kufidia.

Kwa Waswahili walioko Ulaya wanaofikiria kumpelekea ndugu nyumbani kifaa kama hiki, kuna milango miwili ya kupita. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 821 ya mwaka 2021, umeziweka kamera za joto za viwango fulani katika orodha ya bidhaa zinazoweza kutumika kiraia na kijeshi, na kuzitoa nje ya Umoja kunaweza kuhitaji leseni, hata zikiwa katika begi la msafiri. Mlango wa pili uko nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo, sheria ya wanyamapori inakataza kuwinda usiku. Maswali hayo yote mawili yaulizwe forodhani na kwa mamlaka ya wanyamapori kabla ya risiti kukatwa, kwa kuwa muuzaji wa Ulaya akishapokea fedha zake, kifaa kilichozuiwa uwanja wa ndege si juu yake tena.